Hamsini au Thelathini na Tano

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Leo nimemdanganya mama mtu mzima, na nimemdanganya vizuri mpaka akaniombea dua. Aibu!

Ilikuwa hivi. Maonyesho ya biashara yamekwisha, wanunuzi wamerudi kwao, na sisi tunaowatembeza masokoni hatuna kazi. Nikapanda jengo la Tianxiu, dukani kwa Bi Mwanakhamis anayenunua mikoba mji wa Shiling na kuipeleka Unguja. Nilifuata chai ya bure. Nikamkuta analia.

Shifa, mtoto wa dada yake, anaolewa Jumapili ya tarehe kumi na sita, hapahapa Guangzhou. Bwana harusi ni Harun wa mizigo. Mama yake Shifa, Bi Nahla, yuko Unguja na daktari amemkataza ndege kwa ajili ya mguu. Mtoto wake wa pekee, na harusi haioni! Ameomba kitu kimoja tu: picha ya mkono. Yaani pale nikaha ikishasomwa, bwana harusi anapopelekwa chumbani na kumshika bibi harusi mkono kwa mara ya kwanza. Picha moja, ila iwe nzuri, aitundike ukutani.

Bi Mwanakhamis akasema atampigia Jovitha, yule mwanafunzi wa kutoka Bukoba anayempigia picha za katalogi ya mikoba. Katalogi! Kazi hiyo naimezea mate tangu Ramadhani. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema Jovitha ana mtihani mzito, hata simu hapokei. Nikasema asihangaike, Ghalib Studio ipo. Akauliza kama studio ina watu wa kutosha kwa shughuli kama hiyo. Nikamwambia ina watu wa kila aina.

Studio ni mimi. Kamera ninayo, niliinunua kwa Mkongo aliyekuwa anarudi kwao, lakini lenzi yake ilidondoka ngazini ikavunjika. Imebaki kamera yenye tundu. Bi Mwanakhamis akafuta machozi, akaniombea heri mimi na wazazi wangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikaongezewa chai.

Jumapili, 9 Novemba

Kutwa natazama video za lenzi. Kumbe dunia nzima imegawanyika na mimi sijui! Wanaume wenye ndevu wanagombana kwa heshima juu ya lenzi isiyovuta. Maana yake haisogei mbele wala nyuma. Ukitaka mtu atoke mkubwa, unamfuata kwa miguu yako. Ukitaka atoke mdogo, unarudi nyuma. Mwanzo niliona huo ni umasikini. Lakini wanasema inakula mwanga hata chumba kikiwa na giza, na nyuma ya mtu panakuwa laini kama uji.

Sasa ipi? Kundi moja linasema milimita hamsini ndiyo lenzi ya kawaida, inaona kama jicho la binadamu, na kila mtu aanzie hapo. Kundi la pili linasema thelathini na tano. Kuna na wachache wa arubaini. Hao nimewaacha, mtu gani anakaa katikati.

Nimekata shauri. Hamsini! Hamsini ni nyingi kuliko thelathini na tano, na mfanyabiashara akiambiwa achague anachukua kubwa. Kuna mmoja kwenye video alitaja kwamba inategemea kamera yako ni ya namna gani. Nikamruka, alikuwa anaongea polepole.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepata hamsini bila kununua. Nilijiona hodari kwa muda wa kutoka dukani hadi kwenye lifti.

Hapa Guangzhou mtu hanunui kitu bila sampuli. Mikoba, vitasa, nywele za bandia, kwanza sampuli, halafu oda. Basi kwa nini lenzi isiwe hivyo? Nikavaa koti, nikachukua kadi zangu za Ghalib East Africa Trading, nikaenda soko la kamera. Laobani, yaani mwenye duka, ni mama wa makamo, miwani ameining'iniza shingoni. Nikamwambia nataka sampuli ya hamsini. Akatafuta kwanza neno kwenye simu, maana hapo lenzi hazitolewi sampuli. Akauliza oda ni vipande vingapi. Nikasema kontena.

Kontena la lenzi! Hata kontena la vitunguu sijawahi kupakia.

Akanitazama sana. Halafu akaleta kiti, akaleta chai, akaleta chenza. Akaniomba nimwoneshe Zanzibar kwenye ramani ya simu yake, akakuza, akakuza tena, mpaka kisiwa kikaonekana. Akamwita binti yake aje aone. Akasema kwa mteja wa mbali namna hii sampuli nikae nayo wiki moja, bila dhamana. Nilishindwa kumtazama usoni, nikawa namenya chenza moja baada ya nyingine hadi bakuli likaisha.

Jumanne, 11 Novemba

Majaribio. Chumbani kwangu Sanyuanli. Nimemwita jirani yangu Dullah asimame ukutani. Mkewe, Ilham, yuko mwezi wake wa kujifungua, kwa hiyo Dullah hatoki mbali na nyumba na anapatikana kwa kazi ndogondogo.

Nikasimama ukuta wa pili. Nikatazama. Kichwa cha Dullah na bega moja. Nikajibana ukutani mpaka mgongo ukaniuma. Kichwa na mabega mawili. Nikatoka mlangoni nikapigia koridoni, nikapata kifua. Nikarudi nyuma zaidi, nikakanyaga ndoo ya jirani Mkongo, maji yote sakafuni. Alisema Kifaransa kirefu sana. Sijui Kifaransa, na nilielewa kila neno.

Dullah akauliza kama nyumba ya Bi Mwanakhamis ni kubwa kuliko hii. Vyumba vyake ni vilevile kama hiki, pamoja na friji. Jicho la binadamu! Binadamu gani anaishi kwenye uwanja wa ndege? Picha ya mkono itatoka mkono mtupu, Bi Nahla hatajua ni wa nani.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nimefanya jambo baya. Naliandika harakaharaka ili liishe.

Nilimfuata Jovitha chuoni kwake. Nilimkuta nje ya maktaba, anakula mkate wa wale Waislamu wa mtaa wa Xiaobei, kamera iko mezani. Akanikaribisha, kaka Ghalib habari za siku nyingi, akanikatia nusu ya mkate. Nikamwonesha hamsini yangu. Hakucheka. Akanieleza kwamba kamera yangu ina sensa ndogo, kile kibati cha ndani kinachopokea picha, na sensa ndogo inakata kingo za picha, kwa hiyo hamsini juu yake inaona finyu, inafaa kupigia uso wa mtu. Kwa kamera kama yangu na yake, lenzi ya kawaida ni thelathini na tano. Akakunja vidole akaniwekea jichoni nione. Niliona vizuri sana. Nikamwambia nilikuwa najua, nilikuwa nampima tu.

Halafu akaniuliza kuhusu harusi ya Shifa. Alisikia fununu dukani, anangojea Bi Mwanakhamis ampigie. Nikajibu upesi. Nikasema imesogezwa hadi tarehe ishirini na tatu, kwa sababu kontena la Harun limezuiwa bandarini na bwana harusi hana raha. Jovitha akasikitika. Akasema masikini Harun.

Ningeishia hapo bado ningekuwa mtu. Nikamwambia natamani kujaribu thelathini na tano kabla sijanunua yangu. Akasema kama harusi bado, yeye wiki hii yuko kwenye vitabu tu. Akaifungua lenzi kwenye kamera yake, akaifuta, akanipa. Ndiyo lenzi yake pekee. Kamera yake imebaki na tundu, kama ilivyokuwa yangu.

Nimerudi kwa metro nimeinamisha kichwa. Nusu ya mkate ilikuwa mfukoni. Nimeila kabla ya kufika.

Alhamisi, 13 Novemba

Wallahi thelathini na tano ni lenzi! Dullah ametoka mzima, kichwa hadi ndara. Nikamwita na Ilham, akaingia na tumbo lake, na mtungi wa maji, na pazia, wote ndani, hakuna aliyebanwa. Nikapiga kelele za furaha. Halafu nikaiona alama ndogo ya rangi ya kucha ambayo Jovitha ameiweka kwenye lenzi ili isipotee, na furaha ikakata.

Nimeamua: nitamrudishia Jumatatu asubuhi na mapema, na zawadi juu. Zawadi nitaifikiria.

Laobani amenitumia ujumbe kwa WeChat, umetafsiriwa na simu. Anauliza watu wa Zanzibar wanapenda maboksi ya rangi gani. Nikajibu kijani.

Ijumaa, 14 Novemba

Baada ya swala nimekwenda kwa Bi Mwanakhamis kumbebea meza. Sababu ya kweli ni kwamba nikiwepo mimi hatapata nafasi ya kumpigia Jovitha amtakie heri ya mtihani. Alishataka kufanya hivyo mara mbili. Nimemwambia Jovitha akisomea mtihani akipigiwa anasahau alichosoma.

Akanisikilizisha sauti ya Bi Nahla kutoka Unguja. Bi Nahla anasema ameshatayarisha mahali pa picha. Saa ya ukutani ameihamishia jikoni. Amepaka chokaa palepale tu, pameng'aa kuliko ukuta uliobaki, na kila anayeingia anauliza kuna nini hapo. Anawajibu kwamba hapo ni pa mwanangu.

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na meza. Roho ilinisukuma, mdomo nikaufungua. Nikasema picha itatoka kubwa kuliko hiyo saa.

Jumapili, 16 Novemba

Nimeumbuka. Sina neno lingine. Nimeumbuka mbele ya watu wazima, mbele ya sheikh, mbele ya biriani.

Mwanzo mambo yalikwenda. Nikaha ilisomwa sebuleni baada ya Alasiri. Nilipiga. Kwa kupenda ule ulaini wa nyuma niliufungua mwanya wa mwanga wa lenzi hadi mwisho wake, kwa hiyo buli la kahawa limetoka safi, unahesabu maua yake, na Harun aliyekaa nyuma yake ametoka moshi. Sikujali. Kazi yenyewe ilikuwa mbele.

Wanawake walikuwa chumba cha ndani. Simu zao zote Bi Mwanakhamis alizikusanya kwenye kapu mapema, maana wamevua mabuibui, wamejipamba, na hataki sura ya mke wa mtu izagae kwenye status. Kila mtu anajua desturi hiyo. Hata mimi najua. Harun akapelekwa mlangoni, akagonga. Wanawake wakaukamata mlango kwa ndani wakadai kifungua mlango. Akapenyeza noti. Wakasema haitoshi. Akapenyeza tena. Mlango ukafunguka, vigelegele, moshi wa udi. Nikainua kamera, nikamfuata Harun nyuma kwa mwendo wa kitaalamu.

Bi Mwanakhamis akaniwekea kawa kifuani. Kawa lilelile la kufunikia chakula! Akaniuliza ninakwenda wapi. Nikasema naingia kupiga mkono. Akauliza, humu ndani, kwa wanawake? Halafu mmoja akacheka, halafu chumba kizima.

Ndipo ikanijia. Wiki nzima nimepima kuta, nimepima mwanga, nimesumbua watu kwa hamsini na thelathini na tano. Sikukumbuka kwamba mimi ni mwanamume! Mtoto wa Kikwajuni, Unguja mjini, mimi. Dada zangu wote wameolewa, na katika kila harusi nilikaa nje na wanaume wenzangu ninakula. Yarabi, mtu anasahauje?

Bi Mwanakhamis bado alikuwa mpole. Akasema basi nimwite huyo mwanamke wa studio aingie. Si nilisema nina watu wa kila aina? Nikasema yuko njiani. Akauliza anaitwa nani. Sikuwa na jina. Jina tu, jina la bure, na mimi niliyetoa kontena la lenzi kichwani nikakosa jina!

Nikatoa shauri kwamba mmoja wao aichukue kamera. Akajitolea Chepkoech, Mkenya anayeuza mitandio, akasema hiyo ni rahisi, atai-manage. Nikampa kwa upenyo wa mlango. Nikawa namwelekeza kwa sauti nikiwa nje, uso nimeuelekeza ukutani. Harun yumo ndani, ameunyanyua mkono, anangoja, mkono unachoka. Kamera ikarudi. Picha ya zulia. Picha ya kiyoyozi. Picha ya kidole cha Chepkoech, nzuri kabisa.

Bi Mwanakhamis akasema liwalo na liwe, mtihani au si mtihani, anampigia Jovitha. Nikasema hatapokea. Akatoa simu yake kwenye kapu. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya udi, akaiweka simu juu ya meza na kuiachia sauti kubwa. Jovitha akapokea mlio wa kwanza.

Sitaandika yote. Jovitha alifurahi kusikia sauti ya mama. Alisema hana mtihani wowote, mtihani ni Januari. Alisema yeye anajua harusi ni Jumapili ijayo, kaka Ghalib alimwambia hivyo, kwa sababu ya kontena la Harun. Hapo Harun akachomoka chumbani anauliza kontena gani, kontena gani, Wallahi lilikuwa zima asubuhi! Jovitha akasema yuko maktaba, na hata akija hana lenzi, lenzi iko kwa kaka Ghalib, alimwazima Jumatano. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajibu anachoulizwa.

Hakuna aliyenitukana. Sheikh aliinamia kikombe chake akakoroga kahawa isiyo na sukari. Wanaume wakatazama viatu vyao, na viatu vyao viko nje. Bi Mwanakhamis akanitazama mara moja tu. Akamwambia Jovitha aje kwa teksi. Halafu wanawake wakaufunga mlango tena na Harun akiwa nje, wakasema bwana harusi akitoka, mlango unaanza upya. Harun akanigeukia. Kifungua mlango cha pili nimelipa mimi.

Tukangoja. Biriani likapoa, na halikupoa kwa kosa la mwingine, kila mtu alilitazama kisha akanitazama mimi.

Jovitha akaja mbio, na mkoba wa vitabu begani na jasho usoni. Akavua viatu. Akaniuliza neno moja, kama lenzi ni safi. Nikasema safi. Akaifuta hata hivyo kwa upindo wa blauzi. Kamera yake aliiacha bwenini, ya nini na haina lenzi, basi akachukua yangu, akaingia. Mlango ukafungwa.

Mimi nikapewa kulinda kapu la simu. Nilikaa sakafuni kati ya viatu, kapu mapajani, nikisikiliza vigelegele. Simu moja ikalia. Ilikuwa ya Bi Mwanakhamis, na juu yake imeandikwa Dada Nahla. Ililia mpaka ikakatika. Ikalia tena. Nililifunika kapu kwa kofia yangu, na bado niliisikia.

Picha nimeiona. Jovitha alinionesha kabla hajaondoka, kama vile mimi ni mwenzake. Harun amemshika Shifa mkono, hina inaonekana hadi kwenye kucha, Shifa ametazama chini na anazuia kucheka, na nyuma yao Bi Mwanakhamis analia na kawa lake mkononi. Wote wamo. Hakuna bega lililokatwa. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, na ile pia sikuipiga.

Jovitha alikuwa na kazi ya darasani ya kuwasilisha kesho. Akanirudishia kamera, lenzi ikiwa bado juu yake, akasema nizitume picha sasa hivi maana mama wa watu anangoja, na lenzi nitamletea siku yoyote nikipata nafasi. Angenitukana ningepata usingizi.

Usiku Dullah amenipigia kutoka hospitali. Ilham amejifungua mtoto wa kike. Hakuniuliza harusi imekwendaje, na mimi sikumwambia.

Jumatatu, 17 Novemba

Bi Mwanakhamis amenitumia sauti ya Bi Nahla. Chini yake ameandika neno moja: Sikiliza.

Nimesikiliza. Bi Nahla hajui lolote. Mdogo wake, Bi Mwanakhamis, alimwambia tangu mwanzo kwamba mpiga picha ni Ghalib wa Kikwajuni, na hakuambiwa vingine. Analia. Anasema picha ameisafishisha leo asubuhi, imetundikwa, inajaa mahali pake sawasawa. Anasema ameusogelea ukuta akaugusa mkono wa mwanawe. Kisha akaniombea kwa jina langu. Aliombea macho yangu. Aliombea mikono yangu. Aliombea studio yangu na watu wake wote.

Nililia. Sioni haya kuandika hivyo, maana haya zangu zimekwisha kwa mambo mengine. Bi Mwanakhamis amenisitiri, angeweza kumwambia dada yake kila kitu, na hakumwambia. Nikasema leo nasema ukweli. Nikarekodi: Mama, picha ile alipiga binti anaitwa Jovitha. Nikafuta. Nikarekodi tena kwa upole zaidi. Nikafuta. Ya tatu ilikuwa nzuri, ila niliposikiliza sauti yangu ilitetemeka, na mimi sitaki mama mgonjwa apate wasiwasi.

Mwisho nikamtumia: Amin, mama. Hilo si uongo. Halafu vidole vikaongeza: Karibu tena Ghalib Studio.

Jumanne, 18 Novemba

Nimemrudishia laobani sampuli yake. Ile hamsini siku ya harusi ilikuwa mfukoni mwa koti, pamoja na halua niliyojifichia, na sikulikagua koti. Laobani akaifungua, akaitazama kwenye mwanga. Halua kwenye kioo. Akachukua kitambaa, akaifuta taratibu, duara dogo, duara kubwa.

Halafu akainama chini ya meza akatoa boksi. La kijani. Ametengenezesha moja ya mfano. Juu yake kuna picha ya kisiwa kutoka kwenye ramani, na maandishi ya Kiswahili ambayo simu yake ilimpa: Karibu Zanzibar. Binti yake ndiye aliyelichora.

Nimesema wateja wangu Unguja wameomba muda wa kufikiri. Akasema meiwenti, haina tabu, kontena si jambo la kukurupukia. Akanimenyea chenza mwenyewe. Boksi akanipa niende nalo niwaoneshe wateja.

Liko juu ya kabati sasa. Nimeligeuza maandishi yaelekee ukutani.

Jumatano, 19 Novemba

Leo nimekuwa mtu mpya. Nimeamka, nimeswali kwa wakati, nimeifuta lenzi ya Jovitha nje na ndani, nimeifunga kwenye kitambaa kipya. Nimefanya mazoezi ya kuomba radhi mbele ya kioo hadi nikajisamehe. Zawadi pia nimepata: boksi la kijani, lenzi inaingia sawasawa. Nikapanda metro hadi chuoni.

Nilifika getini. Nikamwona kabisa, anatoka maktaba na vitabu kifuani, anakuja upande wangu. Nikainua mkono kumpungia. Simu ikalia.

Ni Dullah. Akika ya mtoto ni Jumamosi. Chepkoech amemwonesha Ilham picha ya mkono, tangu jana Ilham hana neno lingine, anamtaka huyohuyo aliyeipiga. Dullah amesikia ni msichana anaitwa Jovitha. Akaniomba namba yake.

Nikaushusha mkono. Nikajisogeza nyuma ya nguzo ya geti. Jovitha akapita karibu nami, akageuka kona ya mgahawa, akaenda zake. Niliona haya sana. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto, na niko radhi mtu yeyote aniulize, nitamwambia hivyohivyo.

Nikamwambia Dullah kwamba Jovitha amesafiri.

Akasikitika. Nikamwambia yeye ni jirani yangu, hatahangaika nami nipo. Akauliza kama nina hakika. Nikamuuliza swali moja tu, swali la mtu aliyekwishapata uzoefu: chumba kina ukubwa gani? Akasema ni kilekile chao kidogo, na kitajaa, maana wageni wa Ilham ni wanawake watupu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Kwa chumba kilichojaa, ninayo thelathini na tano.